Kupima mirija ya titi linalotoka majimaji: tunavyofanya Pemba

Mama katoka Micheweni alfajiri, kapanda gari mbili. Sidiria kaifua jana, na asubuhi kalikamua titi "lisije likanichafua buibui". Hapo kazi imeshaharibika kabla hujawasha mashine. Nimewahi kumrudisha mtu hivyo hivyo, mirija mitupu na nauli imekwenda. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia mapema.

1. Siku moja kabla. "Bibie, usilikamue, usilibinye, na hiyo sidiria yenye doa usiifue, njoo nayo." Doa la rangi ya strungi lina habari nyingi kuliko barua ya rufaa.

2. Uliza kabla hajavua. Titi moja au yote? Yanatoka yenyewe au mpaka abinye? Majimaji ya maziwa kutoka titi zote mbili, matundu mengi, aghalabu si kazi ya picha: pima ujauzito, kisha tazama dawa anazomeza. Metoklopramidi ya kichefuchefu, methilidopa ya presha na baadhi ya dawa za maradhi ya akili hupandisha homoni ya maziwa. Ya kijani kutoka matundu mengi nayo mara nyingi hayana ubaya. Yanayotoka yenyewe, titi moja, tundu moja, yakiwa damu au meupe kama maji, hayo ndiyo yetu. Akiwa mwanamume, mpime tu.

3. Tafuta tone. Hapa usiwe na haraka. Funga pazia, vaa glavu. Kwa kidole kimoja anzia ukingoni mwa weusi wa chuchu, bonyeza taratibu kuelekea katikati, sogea kidogo, bonyeza tena, uzunguke kama mshale wa saa. Pahala fulani tone litachungulia kwenye tundu moja. Usilifute! Weka alama ya kalamu kwenye ngozi pale ulipobonyeza.

4. Altrasaundi. Proubu (kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) iwe bapa, ya masafa ya juu, megahezi 10 au zaidi. Jeli iwe ya vuguvugu, maana ya baridi huikunja chuchu, nayo ikikunjika hutupa kivuli cheusi juu ya kile unachokitafuta. Jeli nyingi, mkono mwepesi: ukikandamiza, mrija unajifunga na hutauona. Ulaze proubu kufuata mrija, kutoka chuchuni kwenda nje, kama spoku za baiskeli, ukianzia kwenye alama yako.

Mrija huonekana kama uzi mweusi. Ukizidi milimita 3 hivi, umetanuka. Ukiona kijivu ndani yake, gusa-gusa kwa proubu: uchafu huelea, kinyama hakibanduki. Washa Dopla, inayoonyesha damu inavyotembea. Mshipa wa damu ukiingia kwenye kinyama, fikiria papiloma, kinyama kinachoota ndani ya mrija, ambayo ndiyo sababu kubwa ya chuchu kutoka damu. Nyingi si saratani, lakini hilo huliamui wewe kwa macho, kipande kikatwe kipimwe. Na Dopla ikinyamaza usijitulize.

5. Mamografia, yaani eksirei ya titi. Aliyetimiza miaka 40 aipate, hata kama altrasaundi yako ni safi.

6. Galaktografia, yaani eksirei ya mrija uliotiwa dawa ili uonekane, palipo na mashine na mkono uliozoea. Kanula (kijimrija cha kutilia dawa) butu, nyembamba, geji 30, huingizwa kwenye tundu lile lile lenye tone bila kulazimishwa, kisha dawa ya ayodini chini ya mililita 1. Toa hewa yote kwanza, kwani kiputo kwenye picha hufanana na uvimbe. Akisema panaunguza, simama: dawa imevuja nje ya mrija. Mwenye jipu la titi au mzio wa ayodini asifanyiwe.

7. Ripoti. Andika titi la upande gani, umbali kutoka chuchuni kwa sentimita, na mahali kwa uso wa saa. Kwa saa ya Kizungu, tafadhali, na kwa tarakimu: "kwenye 9". Ukiandika "saa tatu" kama tunavyosema nyumbani, daktari wa upasuaji ataenda kwenye 3, upande wa pili kabisa wa chuchu.