Luku na bili ya maji kutoka akaunti ya benki, usije ukaliwa hela

Kuna watu mpaka leo wanatoa hela benki, wanaenda kuiweka kwenye laini ya simu, ndo wanunue umeme wa luku, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Makato mara mbili hayo, na akaunti unayo. Kama una kiswaswadu piga *150*03# kwa CRDB au *150*66# kwa NMB, mwenye simu janja shusha aplikesheni ya benki yako, ila uitoe Play Store au App Store sio kwenye linki uliyotumiwa WhatsApp, hata kama kaituma mjomba.

Kwanza jua unalipa kwa namba gani, hapa ndo watu wanachanganya. Luku ni namba ya mita, tarakimu 11. Maji, faini za barabarani, leseni na mambo mengine ya serikali ni kontrol namba, tarakimu 12, inaanza na 99. Hiyo ina tarehe ya kuisha, ikipitwa unaomba nyingine, na bili zingine zinataka kiasi kamili, ukipunguza hata mia inagoma.

Sasa ingia kwenye lipa bili, chagua luku au malipo ya serikali, weka namba, weka kiasi. Hapo kabla ya pin kinakuja kioo cha kuhakiki, tulia usome jina. Mimi mpangaji, mita yetu inaleta jina la marehemu baba yake mwenye nyumba, nimeshalikariri, likija jingine najua nimekosea tarakimu. Siku moja nilikuwa na haraka sikusoma, nikamnunulia mtu nisiyemjua umeme wa elfu 20, mpaka leo anajiuliza ni nani huyo kamkumbuka.

Yuniti zikija pungufu usikimbilie kuilaumu benki. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku kila mwezi, na usiponunua miezi miwili mitatu linakungoja deni lote kwa mpigo. Kama umepanga mkumbushe mwenye nyumba akurudishie, kodi ni yake hiyo sio yako.

Tokeni, zile namba za kuingiza kwenye mita, ni tarakimu 20 na kawaida inakuja kwa meseji muda huo huo. Ikichelewa, USINUNUE TENA. Angalia salio kwanza, kama hela imekatwa subiri kidogo, halafu wapigie benki huduma kwa wateja uwape namba ya muamala, hiyo ndo watakayokuuliza kabla ya kitu chochote, wala usihangaike kuwaelezea giza lilivyo humo ndani.

Ukilipa maji piga skrinshoti ya risiti. Mafundi wa kukata huwa wanatembea na orodha ya zamani, mimi walinikuta getini na spana mkononi, nikawaonyesha simu, mmoja akapiga ofisini, wakahamia nyumba ya pili.