Jumamosi ya kwenda Kolo

Ndugu zangu mliokuja kusoma Dodoma kutoka nje, msimalize muhula mnajua bweni, darasa na soko la Majengo tu. Mimi nilitoka Bujumbura, na mwaka mzima Jumamosi zangu ziliishia kufua na kulala. Siku niliyofika Kolo nilijuta kuchelewa.

Kolo iko wilaya ya Kondoa, kaskazini mwa Dodoma, kwenye barabara ya lami iendayo Babati. Michoro ya miambani ya huko iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Panda basi la alfajiri, la kwanza kabisa, maana ukichelewa utalazimika kulala Kondoa. Shukia Kolo, nenda kwanza ofisi ya mambo ya kale ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Beba kitambulisho cha mwanafunzi na pasipoti, kwa sababu raia na mgeni hawalipi sawa. Kutoka hapo hadi mwambani ni mbali, kwa hiyo nendeni watu wanne watano mchangie gari. Mwisho kuna kupanda kwa miguu: vaeni viatu visivyoteleza, bebeni maji ya kutosha.

Sasa hili nawaomba sana: msiguse michoro wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Maji huiharibu. Na Mungomi wa Kolo, penye michoro hiyo, bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji, basi mkikuta sadaka pale, ziacheni zilivyo.