Unaanza kazi kwenye kampuni ya malori? Haya ndiyo utakayokutana nayo, hatua kwa hatua

Mpwa wangu kapata kazi ya kuendesha semi, lori la kuvuta tela, kwenye kampuni moja ya Dar inayopeleka mizigo Zambia na Kongo, na tangu hapo simu yangu haipumziki. "Anko, wananiambia nisaini hii karatasi, nisaini?" Maswali ya madereva wapya yanafanana, basi nayajibu yote hapa. Nazungumzia njia ya Dar, Tunduma, hadi Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Wa mipaka ya Rusumo na Mutukula mtarekebisha wenyewe.

1. Karatasi

Leseni daraja E, cheti cha udereva cha NIT au VETA, NIDA, pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini. Pasipoti iwe na kurasa za kutosha, mihuri ya mipakani inazimaliza upesi. Chanjo ya manjano ukichoma mara moja inatosha maisha. Ule ukomo wa miaka 10 uliondolewa mwaka 2016. Akitokea mtu anakudai uchanje tena kwa kuwa kadi ni ya zamani, mjibu kwa upole na usitoe hela.

2. Majaribio

Watakupeleka yadi urudishe tela nyuma kati ya tela mbili. Kabla hujapanda, zunguka gari, gonga tairi, chungulia chini kama kuna kinachovuja. Mpimaji anaanza kukupa alama hapo, si kwenye usukani. Tela likienda upande, simama, vuta mbele, anza upya.

3. Mkataba na posho

Mshahara wenyewe utakushangaza kwa udogo. Dereva anaishi kwa posho ya safari. Kwa hiyo uliza: posho inatoka yote kabla ya kuondoka au nusu nusu? Foleni ya mpakani ikikaa wiki, siku hizo zinalipwa? Faini ya mizani ni ya nani kama mzigo ulipakiwa wewe haupo? NSSF inapelekwa? Majibu yawe kwenye maandishi. Bosi anayesema "sisi hapa ni kama familia, mkataba utakuja" mwambie utasubiri uje.

4. Kukabidhiwa gari

Hapa ndipo dereva mpya anapoingia kwenye deni bila kujua, kwa hiyo nivumilie.

Utapewa fomu yenye orodha: tairi, spea, jeki, spana, betri, turubai, mikanda, mtungi wa moto. Mara nyingi imeshajazwa na inasubiri sahihi yako tu. Usisaini ofisini. Nenda nayo kwenye gari, mchana. Wakikupa gari usiku na wanataka uondoke saa hiyo hiyo, andika kwenye fomu kwa mkono wako "halikukaguliwa, giza", ndipo usaini. Watanuna. Waache wanune.

Anza na tairi. Kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu ni tairi 22, bila spea. Kila moja ina namba yake ubavuni, nyingine zimechomwa namba ya kampuni. Ziandike zote kwa mahali zilipo: "kulia, ekseli ya pili, ndani". Zile za ndani ndizo zinazobadilishwa kwa kipara, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuinama. Mimi natumia daftari na kalamu. Simu piga picha, sawa, na zitume kwa msimamizi siku hiyo hiyo ili tarehe ionekane, lakini simu huibiwa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, na daftari hakuna anayelitaka.

Betri zipo mbili, ziandike aina na namba. Fungua turubai lote, usikubali kuonyeshwa likiwa limekunjwa. Tundu liko katikati siku zote. Mikanda ihesabu, na kagua kama vifungio vyake vinakaza. Kama wanakupa kamba peke yake, dai mikanda. Kamba hulegea kabla hujafika Chalinze.

Kisha mafuta. Mafuta ndiyo yanayofukuza watu kazi. Ofisi ina kiwango chake cha lita kwa kila njia, ukirudi pungufu unakatwa. Semi yenye mzigo kamili inakwenda kilomita mbili hivi kwa lita, tupu inakwenda zaidi. Sasa ukiambiwa "tanki lina lita 400" na ukweli ni 350, hizo 50 umeshaziiba kabla hujawasha injini.

Geji ya dashibodi ni ya kukupa moyo tu. Pima kwa fimbo, gari likiwa mahali palipo sawa. Likiegemea upande, fimbo inadanganya. Kama matanki ni mawili, pima yote mawili, maana bomba la kuyaunganisha likiziba moja linaweza kuwa tupu huku jingine limejaa. Bora kuliko fimbo ni kujaza hadi shingoni mbele ya msimamizi, iandikwe "limejaa", na ukirudi lijazwe tena kwenye pampu ile ile. Lita zitakazoingia ndizo ulizotumia. Dizeli inatoa povu, kwa hiyo anayejaza asubiri litulie halafu aongeze, la sivyo umepunjwa. Kama kuna kifaa cha kupima mafuta ndani ya tanki, usidhani kitakutetea: ukipanda mlima Kitonga mafuta yanaegemea nyuma na mchoro wa ofisini unaweza kushuka kama vile umechota. Andika saa uliyoanza kupanda na saa uliyomaliza.

Nakala ya fomu yenye sahihi za pande zote mbili ibaki kwako, nyumbani, si kwenye gari.

Kwa nini yote haya? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamruhusu mwajiri kukata hasara kwenye malipo yako pale tu ilipotokea kazini kwa kosa lako. Lazima akuandikie sababu, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Sheria nzuri, ila utapinga kwa kitu gani kama fomu inasema ulipokea kila kitu kizima? Mkishindwana, mlango ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa kuachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri, kwa madai mengine 60.

5. Mzigo na mizani

Uzito wa jumla usiwe kitu pekee unachoangalia. Ekseli ya mbele mwisho tani 8, mbili za nyuma za kichwa 18, tatu za tela 24. Unaweza kuwa chini ya tani 50 na bado ukazuiwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umekaa mbele mno. Simama wakati wa kupakia. Kurudi na shaba ndiyo mtego: mzigo unaonekana mdogo kwenye tela, na anayepakia anataka kuurundika sehemu moja.

6. Barabarani

Mikumi taratibu, mnyama ukimgonga unalipa. Kitonga wakati wa kwenda unapanda, shida ni kurudi: shika gia ndogo huko juu kabla ya mteremko, usiitafute katikati. Mbeya, mteremko wa Iwambi, nao ushuke kwa gia ndogo. Ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia mwa barabara na usukani wako uko kulia pia, yaani huoni mbele unapotaka kupita gari. Usipite. Sili ya kontena iangalie kila unaposimama, uilinganishe na namba iliyo kwenye karatasi.

7. Kufunga safari

Hati ya kupokelewa mzigo iwe na sahihi na muhuri, risiti zote kwenye bahasha moja, peleka ofisini siku hiyo hiyo. Ukienda likizo na gari akapewa deiwaka, yaani dereva wa muda, mkabidhi kwa fomu ile ile, tairi kwa tairi, hata kama ni rafiki yako.