Boti ya umeme: pambana na chumvi, linda betri

Ukishafunga mashine ya umeme umeachana na plagi, oili na kuchanganya petroli, sawa, ila usije ukadhani ndio haina matunzo. Huku Pwani kinachoziua ni chumvi, na hela yako nyingi iko kwenye betri, kwahiyo nguvu zako zipeleke hapo.

Kila ukirudi zima swichi kuu kwanza, ndio uoshe mashine kwa maji matamu (visima vya maji ya chumvichumvi havifai kabisa), mwagia tu taratibu, usielekeze mpira wa presha kwenye konekta au kwenye sili (ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye mota).

Propela ifungue mara kwa mara hata kama inazunguka vizuri, maana mshipi wa nailoni unajiviringisha nyuma yake kwenye shafti na kwa nje huoni kitu, unakaza unakaza mpaka unakata sili, maji yakishaingia kwenye mota hapo ni gharama kubwa. Toa mshipi wote, paka shafti grisi, rudisha. Ukiwa hapo cheki na zinki, kile kipande cha madini kilichofungwa kwenye mashine, ile inaliwa na chumvi ili mashine isiliwe, ikiisha nusu badilisha. Na wale wa kupaka deheni (ile ya kupaka chombo chini), jamani, zinki iacheni wazi, ukiifunika haifanyi kazi. Walio ziwani, Victoria au Tanganyika, tumieni ya magnesiamu, zinki ni ya maji chumvi.

Bamvua likitoka na chombo kikakaa mchangani kikwangue chini, uchafu ulioganda pale unakizuia kwenda na unamaliza chaji.

Waya sasa. Ukitoka safari ndefu, ukishazima, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila maungio, ukikuta moja lina moto kuliko mengine ujue nati imelegea au kuna kutu ya kijani ndani. Fungua, sugua kwa brashi mpaka shaba ing'ae, kaza, paka vaselini juu. Usilale bila kufanya hivyo, moto wa boti huanzia hapo hapo.

Betri za risasi (zile za asidi kama za gari) usizishushe chini ya nusu. Ziache zitulie masaa kadhaa halafu pima, ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.7, ikifika 12.1 hivi ni nusu, rudi ukachaji. Wakati wa kuchaji fungua mfuniko wa boksi la betri hewa ipite, na sigara weka mbali, zinatoa gesi inayolipuka. Lithiamu ni nafuu kwa matunzo ila tumia chaja yake yenyewe, na ikiwa imechemka kwa jua isubiri ipoe kwanza, nyingi hazitaki kuchajiwa zikizidi nyuzi joto 45. Maji ya bahari yakiingia kwenye betri usijaribu kuichaji hata kidogo, itoe nje mbali na nyumba, muite fundi.

Kusi likikaza na chombo kikapandishwa juu, lithiamu iache na chaji kama nusu, ya risasi iache imejaa, chomoa nyaya, na kila mwezi pita upime.