Jinsi ya kulisikia kanisa ndani ya jazz (hata kama hujui kupiga chochote)

Jazz ninayoongelea ni ya Wamarekani weusi, sio Morogoro Jazz, tusichanganyane mapema. Kama umewahi kuimba kwaya nusu ya kazi ushaimaliza, we tafuta tu wimbo Moanin' wa mpiga ngoma Art Blakey na bendi yake Jazz Messengers, ule wa 1958, vaa hedifoni utulie.

Mwanzoni achana na mengine yote, fuata piano. Bobby Timmons anapiga kimstari kifupi anakata, trampeti na saksofoni zinamjibu kwa mapigo mawili tu, anarudia, zinajibu tena, yaani ni pambio kabisa, mwimbishaji anatoa na waumini wanaitikia. Alafu subiri raundi ya pili, wanabadilishana, trampeti na saksofoni ndo zinaongoza na piano inageuka muumini. Timmons wala hakubahatisha, huko Philadelphia alikuwa anapiga ogani kwenye kanisa la babu yake mchungaji.

Sasa yale mapigo mawili ya kujibu ndo ya kuyashika. Ukiwa na kinanda bonyeza fa-la-do kwa pamoja, kisha shuka do-mi-so. Si unaijua hiyo? Ni ile A-men ya kufungia nyimbo za kitabuni! Irudie mpaka sikio liizoee, maana ukishaizoea utaanza kuikuta kila mahali na utasumbua watu.

Makofi: hesabu mpaka nne, piga kwenye mbili na nne. Ukipiga moja na tatu utasikia mwenyewe kuna kitu hakijakaa.

Ukiweza hayo nenda kwa mpiga besi Charles Mingus, Better Git It in Your Soul, 1959. Mimi naipenda hii kuliko zote. Mingus alikulia Watts, Los Angeles, mama yake wa kambo alikuwa anasali kanisa la Holiness lile la kelele na makofi, na humu utamsikia Mingus mwenyewe anapiga kelele huku besi iko mkononi, alafu kuna sehemu bendi nzima inanyamaza wanabaki makofi na saksofoni ya Booker Ervin peke yake, hapo ongeza sauti.

Ogani ya Hammond, ile ya umeme, iliingia sokoni 1935, makanisa mengi yakaichukua sababu ogani ya mabomba ilikuwa bei mbaya, ndo maana ukimsikia Jimmy Smith anapiga jazz kwa ogani hiyo unahisi uko ibadani. The Sermon yake ni dakika 20 lakini, usianzie hapo.

Na mtu akikwambia jazz imeiba kanisani mwambie amtafute Thomas Dorsey, baba wa gospo mwenyewe, kabla ya hapo alikuwa anampigia piano mwimbaji Ma Rainey, bluzi za baa kabisa, na wachungaji wengine walimkatalia nyimbo zake kwa sababu hiyohiyo.