Ndama Akikwama, Papasa Kabla ya Kuvuta

Ng'ombe wengi wa ranchi huzaa wenyewe malishoni, na ni vizuri waachwe wafanye hivyo. Shida huwapata zaidi mitamba wanaozaa mara ya kwanza, hasa Boran au Zebu wa kienyeji aliyepandwa na dume wa aina kubwa za Ulaya kama Charolais au Simmental. Mitamba waliokaribia siku zao waletwe malisho ya karibu na boma, mchungaji awapitie asubuhi, jioni na hata usiku.

Kabla chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi, haijatokea, mtamba huweza kuhangaika saa nyingi: analala, anainuka, anajitenga. Mwache. Hesabu saa kuanzia chupa inapotokea na ng'ombe anaposukuma kwa nguvu. Ng'ombe aliyewahi kuzaa akisukuma nusu saa bila ndama kusogea, au mtamba saa moja, mtie kwenye kibanio, kizimba chembamba cha kumzuia, umkague. Mwangalie pia yule aliyejitenga muda mrefu lakini hasukumi: huenda ndama amekuja kwa matako, mkia mbele na miguu imekunjwa ndani, hivyo hakuna kinachoonekana nje.

Vaa glavu ndefu. Magonjwa kama brusela na homa ya Bonde la Ufa humpata mtu kupitia majimaji ya uzazi, kwa hiyo mama mjamzito asisaidie kazi hii kabisa. Osha uke na mkono kwa maji na sabuni, kisha ongeza kilainishi kwa wingi.

Sasa papasa, na usiharakishe. Ndama aliyekaa sawa huja na miguu miwili ya mbele, nyayo zikitazama chini, kichwa kimelala juu yake. Nyayo zikitazama juu, huenda ni miguu ya nyuma. Hakikisha kwa viungo: panda kutoka kwenye kwato, viungo viwili vya kwanza vikikunja upande mmoja, ni mguu wa mbele, vikikunja pande tofauti, ni wa nyuma. Hakikisha pia miguu yote miwili ni ya ndama mmoja, maana mapacha huchanganyikana.

Kichwa kikiwa kimegeukia ubavuni, kuvuta miguu kutazidi kumkwamisha. Subiri uchungu upoe, msukume ndama arudi ndani, shika mdomo wake kwa kiganja ukilete kichwa njiani. Ukijaribu kwa nusu saa bila mafanikio, mwite daktari wa mifugo. Huenda upasuaji ukahitajika.

Akiwa sawa, funga kamba safi juu ya kifundo cha mguu na uzungushe tena chini yake, mfupa usivunjike. Vuteni watu wawili tu, ng'ombe anaposukuma. Anapopumzika, nanyi pumzikeni. Kifua kikitoka, elekeza mvuto chini kuelekea miguu ya mama. Kutumia gari au trekta ni ukatili, na huweza kumpoozesha mama. Anayekuja kinyumenyume, nyonga zikishatoka mtoeni haraka, kwani kitovu hubanwa kichwa kikiwa bado ndani.

Mlaze ndama kifudifudi, futa kamasi, mtekenye pua kwa jani. Kitovu kitie iodini. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ainywe ndani ya saa 2 akiweza, jumla karibu lita 3 kwa ndama wa kilo 30 katika saa 12 za kwanza.

Kondo la nyuma kwa kawaida hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24 usilivute, mwite daktari. Likitoka, lizike shimo refu mbwa wasilifukue.