OTC haitunzi nyama ya kuku: hesabu siku kabla ya kuchinja

Wafugaji wengi wa broila wanajua kulea. Kuku wanafika siku ya 30 wakiwa wazima, uzito unaridhisha, kisha zikibaki siku tatu mteja aje, mtu anafungua pakiti ya OTC, yaani oksitetrasaiklini, antibiotiki ya unga ya kundi la tetrasaiklini, na kuimwaga kwenye maji ya kunywa. Ukiuliza unapewa sababu mbili: kuku wasife njiani, na nyama isiharibike haraka. Wapo hata wanaokoroga unga huohuo kwenye beseni la kuoshea kuku walionyonyolewa. Makala hii ni ya kosa hilo moja. Banda, chanjo na chakula mnavijua, sivirudii.

Hiyo sababu ya kwanza haituchukui muda. Kuku anakufa njiani kwa joto na kubanana kwenye tenga, na OTC haipunguzi joto. Wapakie alfajiri, usiwabane, basi. Ya pili ndiyo inayokula pesa za watu.

Nyama ya kuku inapoanza kuteleza na kunuka, mara nyingi wahusika wakuu ni bakteria wa kundi la Pseudomonas. Makazi yao ni maji, udongo, maranda, manyoya na miguu ya kuku. Wana mambo mawili yanayowatofautisha na wenzao. Friji haiwasimamishi bali inawachelewesha; hata kwenye nyuzi joto 4 wanaendelea kuzaliana polepole. Tena utando wao wa nje hupitisha dawa kwa shida, na ile kidogo inayopenya hutemwa nje na pampu walizonazo mwilini. Kwa hiyo unapomwaga OTC, wanaokufa ni bakteria dhaifu waliokuwa wakigombania nafasi nao. Mwozaji mwenyewe anabaki, tena bila mshindani.

Hili halihitaji kubahatisha, maana lilishajaribiwa kwa ukubwa wa kiwanda. Marekani iliruhusu mwaka 1955 kuku waliochinjwa watumbukizwe kwenye maji ya barafu yenye klorotetrasaiklini, ndugu wa damu wa hii OTC yetu, kiasi cha miligramu 10 kwa lita. Mwanzoni nyama ilikaa siku nyingi zaidi. Baadaye bakteria sugu (wasiouawa tena na dawa), hamira na ukungu vikaota mizizi kwenye viwanda vilivyotumia dawa hiyo, na faida ikayeyuka. Ruhusa ikafutwa mwaka 1966. Wao walikuwa na barafu ya kutosha, mitambo na wapimaji, na bado iliwashinda. Wewe mwenye beseni la plastiki na kijiko cha kukadiria unategemea nini?

Usugu wenyewe unaanzia bandani. Sehemu kubwa ya tetrasaiklini anayokunywa kuku hutoka kwenye kinyesi ikiwa bado na nguvu. Inaingia kwenye maranda, na kuku mzito wa wiki ya tano muda mwingi amelalia kifua, yaani ile sehemu inayouzwa ghali. Bakteria waliozoea dawa wanashika manyoya na ngozi, kisha wanaingia naye machinjioni. Pitisha kidole ndani ya kopo la kunyweshea: ule utando unaoteleza ni makao yao mengine, na ukichanganya dawa na glukosi unawalisha kabisa. Kila siku sugua makopo kwa brashi, suuza, ndipo ujaze. Kumwaga maji ya jana na kuweka ya leo hakuhesabiki kuwa ni kuosha.

Sasa kuhesabu siku, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Kila dawa iliyosajiliwa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo, nao unaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya dozi ya mwisho, siyo siku uliyoanza dozi. Kwa oksitetrasaiklini nyingi za unga utakuta siku 5 hadi 7. Dawa za salfa mara nyingi huzidi hapo. Lebo ya pakiti uliyoshika ndiyo inayotawala, siyo kauli ya muuzaji wala ya jirani. Lebo isiyosomeka au isiyotaja muda wa kusubiri, rudisha pakiti dukani.

Tuseme unachinja siku ya 35, dozi ni siku 5 na muda wa kusubiri ni siku 7. Siku saba kamili ni ya 28 hadi ya 34. Dozi ya mwisho basi ni siku ya 27, na siku ya mwisho kabisa ya kuanza tiba ni ya 23. Ikipita siku ya 23 na kuku wameugua, una njia mbili: watibu na usogeze tarehe ya kuchinja, au watenge wagonjwa, watibiwe peke yao kwa ushauri wa daktari wa mifugo na wasiuzwe na kundi. Kuwapa wote "kinga" siku ya 31 na kuchinja siku ya 35 siyo njia ya tatu. Andika tarehe ukutani kwa chaki: siku dawa ilipoanza, ilipoisha, siku ya kuchinja. Siku dozi inapoisha, mwaga maji yote yaliyobaki, osha tangi na mirija, ndipo uanze kuhesabu. Tangi lililobaki na mabaki ya dawa chini linaendelea kuwanywesha wakati wewe unahesabu siku ambazo hazipo.

Na msichanganye vitu viwili. Kusubiri kunaondoa mabaki ya dawa mwilini mwa kuku. Hakuondoi bakteria sugu waliokwishazaliana. Hao wanapunguzwa kwa kutoa maranda yote kila kundi linapotoka, kuosha banda likauke, na kutotumia antibiotiki pasipo ugonjwa uliotambuliwa. Kideri husababishwa na virusi. OTC haikitibu hata ukiwapa ndoo nzima.

Mabaki nayo hayajigawi sawa. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa kwa oksitetrasaiklini kwenye nyama ya kuku ni mikrogramu 200 kwa kilo, kwenye ini 600, kwenye figo 1,200. Tofauti hiyo inakuonyesha dawa inakojikusanya. Anayemkaangia mtoto maini ya kuku aliyekunywa dawa juzi ajue anampa sehemu iliyobeba zaidi.

Kinachofanya nyama ikae ni usafi wa maji na kasi ya kupoza. Ondoa chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, ukijumlisha na muda wa safari, lakini maji wayapate mpaka dakika ya kuwapakia. Chini ya saa 8 utumbo umejaa na utapasukia mkononi mwako. Zaidi ya saa 12 utumbo unakuwa laini na unachanika kirahisi. Acha damu itoke dakika 2 kamili. Maji ya kunyonyolea yawe nyuzi 58 hadi 60 kwa dakika moja hivi. Nunua kipimajoto. Maji yanayochemka yanaivisha ngozi, inachanika, na kila mchaniko ni mlango.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: joto hilo la kunyonyolea huwaua Pseudomonas wengi waliokuwa kwenye ngozi. Wanaokuja kuozesha nyama wengi wanaingia baadaye, kutoka kwenye beseni, kisu, meza na mikono. Beseni lililooshewa kuku thelathini kwa maji yaleyale, yamekuwa mekundu na yana vuguvugu, linamrudishia kuku wa mwisho uchafu wa wote waliomtangulia. Tumia maji yanayotiririka, hata kama ni pipa lenye bomba chini. Maji ya kusuuzia yatie klorini: jiki ya asilimia 3.5 isiyo na harufu ya limau wala sabuni, mililita 12 kwa ndoo ya lita 20, inakupa takribani miligramu 20 kwa lita. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa siyo kipimo. Damu na mafuta hula klorini haraka, kwa hiyo maji yakichafuka yamwage, usiongeze jiki juu yake. Meza na visu, baada ya kuoshwa kwa sabuni, vipitishe kwenye mililita 6 kwa lita 1.

Hesabu ya bakteria inatisha kuliko maneno. Harufu huanza kusikika wakifika kama milioni 10 kwenye kila sentimita ya mraba. Kuku aliyetoka safi, akiwa na 1,000, anahitaji wajigawe mara 13 au 14 kufika hapo. Aliyepita kwenye beseni chafu akatoka na 100,000 anahitaji mara 7 tu. Kwenye joto la mchana la Dar es Salaam wanaweza kujigawa ndani ya saa moja. Piga hesabu mwenyewe ya ndoo inayotoka machinjioni saa mbili asubuhi ikafika kwa muuza chipsi saa kumi jioni.

Kuku wa chini ya kilo 2 afike nyuzi 4 katikati ya kifua ndani ya saa 4. Friji ya nyumbani haiwezi kazi hiyo kwa kuku ishirini wa moto waliopangwa juu ya wenzao ndani ya mifuko iliyofungwa; wa katikati watakesha na joto lao. Anza na barafu: kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya kuku na lita 1 ya maji safi. Kuku 10 wa kilo 1.3 wanataka kilo 13 za barafu, siyo vipande viwili vya kuonyesha mteja. Barafu itengenezwe kwa maji ya kunywa. Korogakoroga kila baada ya dakika 15, chuja, ndipo uweke kwenye friji, safu moja moja. Ngozi isiyoteleza na isiyonuka siku ya tatu kwenye nyuzi 4 ni dalili kwamba umepatia.

Na kama umeshawapa dawa jana na mteja anakuja kesho, mpigie simu leo uahirishe. Kuku 100 wa wiki ya tano hula kama kilo 17 za chakula kwa siku. Zidisha mara siku za kusubiri, na gharama hiyo iandike kwenye daftari mbele ya bei ya ile pakiti.